Chambo cha Manyoya

Nilikuwa mpishi katika hoteli moja karibu na Wambaa. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja mgeni, mzee wa Kizungu aliyezoea kuvua kwenye mito ya baridi kwao. Kila alasiri alikaa barazani akifunga manyoya ya ndege kwenye ndoana, akizungusha uzi mwembamba mpaka ndoana ikafanana na mdudu. Nikimpelekea chai, hunionyesha. Siku ya kuondoka aliniachia sanduku lake: jiliwa dogo la kubania ndoana, ndoana zake, mkasi, fimbo ya kuvulia ya vipande na mshipi mzito wa manjano.

Mke wangu aliliweka juu ya kabati. "Ukistaafu utapata la kufanya," alisema.

Nilistaafu. Mwaka haukwisha, akafariki.

Watoto walikuja msibani, kisha wakarudi makwao, Unguja na Maskati. Nyumba ikawa kimya hata nikawa nasikia friji inapozima. Ndipo nikateremsha sanduku.

Ndoana za mgeni zilikuwa ndogo mno, na nilizozijaribu baharini ziliota kutu upesi. Nikanunua kubwa za kuvulia kolekole. Manyoya niliyachukua kwa jogoo wetu mweupe. Uzi sikuwa nao, nikafungua mkebe wa cherehani wa marehemu. Mlikuwa na uzi wa kijani, sindano ingali imechomekwa. Niliushika muda mrefu kabla ya kuukata.

Jirani yangu, bibi mjane, alinikuta barazani.

"Wafanya n'ni na manyoya hayo, Mzee? Umeanza uganga?"

"Nafunga chambo."

"Samaki gani huyo atakayekula manyoya?"

"Ndilo ninalotaka kujua na mimi."

Nilikwenda pwani siku nyingi bila kupata kitu. Wavuvi walikuwa wakisimama kunitazama nikirusha mshipi mbele na nyuma, halafu wakazoea, wakaacha hata kutazama. Asubuhi moja, maji yakijaa, mshipi ukavutwa kwa nguvu hata nikapiga magoti. Nilivutana naye mpaka nikamfikisha mchangani. Alikuwa kolekole, urefu wa mkono wangu.

Nilikwenda nyumbani karibu mbio. Nilipofika mlangoni nikaita kuelekea jikoni, "Njoo uone!"

Nilisimama pale, maji ya samaki yakinidondokea miguuni. Kisha nikaingia, nikampara mwenyewe.

Nusu nilimpelekea jirani. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Kumbe wanakula! Na wewe nusu yako utakula na nani?"

"Nimeacha wali jikoni," nikamwambia, nikaondoka kabla hajaniuliza tena.

Jioni nilikaa na jiliwa kufunga chambo kingine. Kile cha kwanza kolekole alikuwa amekitafuna, yamebaki manyoya mawili tu. Safari hii nilizungusha ule uzi wa kijani mara nyingi zaidi.