Kalenda Isiyosomeka

Jumamosi moja mwezi wa tatu, katika ukumbi wa kanisa hapa Nyeri, bwana mmoja mwenye tai alitundika ukutani picha ya ubao wa Rongorongo, maandishi ya kisiwa cha mbali katika Bahari ya Pasifiki. Alipitisha kidole juu ya vijimwezi vilivyochongwa, akatuambia ni kalenda. Hilo hata wataalamu wamelisema. Kisha akagonga alama ya ndege.

"Hii ina maana mvua itachelewa. Msipande mahindi mpaka mwezi wa tano."

Wakulima wakaandika. Mama mmoja kutoka Gakindu akasimama.

"Mwalimu, hii maandishi iko na mtu anaweza kusoma?"

"Bado, mama. Dunia nzima imeshindwa."

"Na hao watu walikuwa wanapanda mahindi?"

"Hapana. Viazi vitamu."

"Sasa wewe umejulia wapi mambo ya shamba yangu?"

Bwana akatabasamu, akanyoosha tai. "Mambo mengine ni ya kina, mama."

Ukumbi ukampigia makofi. Mama akajifunga leso kiunoni, akatoka, akaenda kupanda.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Kufikia mwezi wa tano mahindi yake yalikuwa yamepita magoti, na mbegu za jirani zake zilikuwa bado kwenye gunia.

Bwana alirudi kutueleza kwamba yule ndege, kumbe, alikuwa ametazama upande wa pili. Watu walijaa kuliko mara ya kwanza, kila mmoja na kalamu. Nilimtafuta mama wa Gakindu nisimwone. Alikuwa akipalilia.