Msiimwagie Zege Maktaba ya Dada Zuhura

Sijawahi kumwambia mtu, hata mama: nataka kusomea usanifu wa majengo. Aliyejua ni Dada Zuhura peke yake, na Alhamisi tumemzika. Siamini bado.

Kwa msiomjua, alikuwa msanifu majengo, mtoto wa hapa hapa Kibiti. Lori liligonga bodaboda aliyopanda akirudi kutoka Ikwiriri.

Ndiye aliyetujengea maktaba ya mbao shuleni, kule bondeni. Haina msumari hata mmoja. Kuta ni fremu zilizofungwa kwa bolti. Mto ukijaa, tunazifungua, tunazibeba, tunazifunga upya mlimani.

Niliwahi kumuuliza kama hayo alifundishwa chuoni. Akacheka. "Kwa bibi, kwenye dungu la kulindia mpunga. Kila msimu tulilifungua tukalihamisha. Chuoni nimejifunza kulichora tu."

Alitaka hata miji ijengwe hivyo. "Dar wanabomoa nyumba, wanabaki na kifusi, mdogo wangu. Mbao leo ni darasa, kesho zahanati."

Kwenye kikao cha wazazi, mzee mmoja wa kamati ya shule alimwambia, "Binti, umesoma kote huko uje kutujengea banda la kuku?"

"Kama kuku wako wanasoma, baba, walete."

Watu walicheka, ila walimcheka yeye, si mzee.

Mzee huyo huyo ndiye aliyeshika maiki msibani. Eti alimuunga mkono tangu mwanzo. Eti kwa kumuenzi, kamati itamwaga zege kwenye nguzo za maktaba ili isihame tena, na kuweka kibao cha jina lake mlangoni. Watu wakaitikia, "Amina."

Nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Mnaandika jina lake mlangoni huku mnaiua kazi yake. Maji yakija, maktaba itazama pale pale na vitabu vyetu ndani.

Pumzika, dada. Mola akupe makao mapana kuliko yote uliyotuchorea.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu kumweleza. Akasema, "Kamati imeshaamua, mwanangu. Saruji imeshafika." Nikarudi maktaba, nikatoa vitabu nje, nikaanza kufungua bolti za ukuta wa nyuma. Wenzangu wa kidato cha tatu walisimama wakinitazama, kisha wakaja kushika upande wa pili. Mpaka jioni ukuta huo ulikuwa mlimani.