Namba za Marehemu Baba Zilikuwa Zinajirudisha

Mimi siyo mtu wa kuamini mizimu. Lakini asubuhi ya tatu nilitoka mbio bila koti kwenye karakana ya baba, iliyoshikana na nyumba yao, na huku kwetu Duluth, kaskazini mwa Marekani, hata mwezi Mei hutoki bila koti.

Naitwa Leif. Baba yangu, Mzee Osmund, alifariki Januari, na mwili wake ukachomwa. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi halichimbiki, ikabidi majivu yake yasubiri barafu iyeyuke. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuchonga jina lake kwenye kisanduku cha majivu.

Mbao ya kifuniko chake ilibaki kipande kimoja cha mjozi, mti alioukata Baba mwenyewe. Nikiharibu, basi, hakuna kingine.

Tatizo lilikuwa mashine yake, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ambayo tangu Januari nilikuwa naitumia mimi. Ilikuwa na pupa jamani! Ikifika kona inakata ghafla, mwili wote unatetemeka, kwa-kwa-kwa, na herufi zinatoka na mawimbi.

Jumatatu nikakaa kwenye kompyuta. Namba inayoamua mashine ishike kasi upesi kiasi gani ilikuwa mia nane. Nikashusha, nikajaribu kwenye ubao wa bure, nikashusha tena. Kwenye mia mbili na hamsini ikatulia. Ikawa inapita kona kimya kimya, herufi laini hadi raha.

Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kwangu.

Jumanne nawasha: kwa-kwa-kwa!

Naangalia namba. Mia nane.

Nikasema labda nilisahau kuhifadhi. Nikaweka upya, safari hii nikapiga na picha kwa simu.

Jumatano, mia nane tena.

Nikampigia rafiki yangu Ruben Cadotte, fundi wa mashine hizi. Akaja, akabadilisha kadi ya kumbukumbu, akakagua nyaya zote, tukarudisha mia mbili na hamsini.

"Mashine nzima kabisa, kaka," akasema. "Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mimi tu. Na Mama, lakini Mama hata simu humshinda."

Ruben akakuna kichwa. "Basi mzee hajaondoka."

"Acha utani bwana!"

"Nani anatania? Mimi leo sili chakula cha mchana humu ndani."

Alhamisi nikaingia peke yangu. Mia nane. Na mota ilikuwa ya moto, kama vile mtu ameiacha sasa hivi. Hapo ndipo nilipotimua mbio. Nywele zilinisimama, sioni aibu kusema.

Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Ningemzika baba yangu kwenye kisanduku cha namna gani?

Ijumaa nikafika kabla ya saa kumi na mbili, jua ndiyo linachomoza. Nikajibanza nyuma ya rundo la mbao.

Mlango wa upande wa jikoni ukafunguka taratibu.

Koti la baba likaingia. Lile la kazini, lenye kiraka kiwikoni. Nikajikunja zaidi nyuma ya mbao.

Ndani ya koti alikuwa Mama.

Akavaa miwani, akafungua daftari kuukuu, akabofya namba bila hata kusita. Akaiendesha mashine hewani, bila mbao. Kwa-kwa-kwa. Kisha akakaa kwenye kiti cha baba, akafumba macho.

"Mama?"

Aliruka! "Leif! Unataka kuniua?"

"Ni wewe? Wewe unajua kutumia hiki kitu?"

"Baba yako alikuwa haoni vizuri kioo cha kompyuta, mwanangu. Miaka kumi na tisa yeye anasikiliza mlio na kunitajia namba, mimi naziingiza. Nani alikuambia sijui?"

Hakuna aliyeniambia. Niliamua tu mwenyewe.

"Lakini kwa nini unazirudisha?"

Akaweka kiganja juu ya mashine.

"Kila asubuhi napika kahawa nikisikia kelele zile ukutani. Tangu Januari wewe ukija kufanya kazi, nazisikia. Jumatatu ukaifanya ikanyamaza. Ndipo nilipojua amekufa."

Nililia, ndugu zangu. Mtu mzima na ndevu zangu.

Nikazima mashine. Nikamwambia, "Mama, ukitaka tuchonge kwa mia nane, tutachonga. Herufi zikitetemeka, zitetemeke."

Akashika kile kipande cha mjozi, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Hapana. Alikuwa anachukia kazi mbovu." Akafungua ukurasa mpya. "Nisomee namba zako."

Nikasoma. Akaandika, akaingiza mwenyewe, akabonyeza kitufe. Jina la Osmund likapita kona zote bila mlio, na Mama akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kunyamazisha kitu ndani ya nyumba yenye msiba, uliza kwanza ni nani anakisikiliza.

Mimi sikuuliza, nikamfanya mama yangu afiwe na mumewe mara mbili: Januari, na Jumatatu ile mashine iliponyamaza.