Kanyagio la Gitaa la Sefu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika redio wala waya. Mjomba Kombo, fundi wa redio wa Ngamiani, alinitandikia mkeka nyuma ya duka lake, akaniwekea sinia la soketi na kopo la mafuta ya taa. Soketi, kwa msiojua, ni kikombe cha chuma kinachovishwa nati kichwani, ukaikaza bila kuzila kona zake. Aliniambia nizioshe zote, nizikaushe kwa kitambaa, kisha nizipake mafuta ya cherehani kidogo sana, maana hewa ya chumvi ya Tanga hutia kutu hata chuma kilichofungiwa sandukuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimetoka eda karibuni. Marehemu mume wangu aliniacha bado msichana, bila mtoto, na mama alikuwa amechoka kuniona nimejiinamia chumbani. Kazi niliyoijua ni kushona kofia. Mjomba alimwambia mama kwamba mkono unaoweza kufuata vitundu vya kofia hautashindwa na nati ndogo. Majirani walisema, mwanamke na spana wapi na wapi. Mjomba alinitundikia pazia nijistiri na wateja, lakini baada ya muda tulilitoa wenyewe kwa kuwa lilituzuilia mwanga.

Nilikuwa nimeshazoea kazi alipokuja Sefu. Watu wa dansi walimjua kwa gitaa, ila riziki yake ilikuwa shambani, kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge ikatoa nyuzi. Korona ilimchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alipotoka hospitali alijifundisha kupiga upya, kipande cha pembe kimefungwa kwa utepe kwenye kimoja cha vidole viwili vilivyobaki. Shida yake ilikuwa voliumu. Gitaa la umeme hunong'ona na kulia kwa kile kifundo cha kuzungusha, na mkono ukishafungwa utepe hauwezi kukizungusha. Wenzake wa bendi walimshauri apige kayamba.

Alimwamkia mjomba, akauweka mkono wake juu ya meza bila kuuficha.

"Fundi, miguu yangu mizima," alisema. "Nitengenezee kitu niiongoze sauti kwa mguu."

Mjomba alimjibu kwamba kitu hicho hajapata kukiona, ila amwachie akifikirie.

Alichokifikiria kilikuwa kisanduku cha bati chenye kibao juu yake, kimeungwa kwa bawaba. Ndani mliwekwa voliumu iliyotolewa kwenye redio kuukuu, na shina lake likazungushiwa mshipi wa kuvulia. Ukikanyaga kibao, mshipi unavuta shina na sauti inapanda. Ukiachia, springi inalirudisha. Kulehemu nyaya alilehemu yeye. Kukaza nati inayoishikilia voliumu kwenye ukuta wa kisanduku nilikaza mimi, naye kasimama nyuma yangu akinielekeza: shika mwili wa voliumu kwa mkono wa kushoto usizunguke pamoja na nati ukakata nyaya, kaza kwa kiganja, si kwa bega, nati ikikataa, usishindane nayo.

Tulilipeleka kanyagio Makorora, ukumbini bendi ilikofanyia mazoezi. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili sauti ilipanda, ikakwaruza, ikafa. Wapigaji wenzake wakatazama chini. Kiongozi wa bendi, mtu mpole, alisema harusi waliyoalikwa kupiga iko karibu na huenda ingefaa watafute mpigaji mwingine. Sefu aliufungua utepe kwa meno, akalifunika gitaa. Nilitoka nje, maana sikuweza kumtazama.

Dukani tulikifungua kisanduku. Voliumu ilikuwa imelegea, imezunguka nzima nzima na kukata nyaya zake. Mjomba aliivisha soketi kwenye nati, akajaribu kuikaza, ikateleza. Akaigeuza soketi kwenye mwanga tukaona sote. Mdomo wake ulikuwa umepanuliwa kidogo kwa ndani, kama zilivyo nyingi, ili uingie upesi kwenye nati nene za magari. Nati ya voliumu ni nyembamba, basi soketi ile iliigusa ukingoni tu. Mkono ulidhani umekaza, kumbe umeteleza.

Machozi yalikuwa yamenilenga. Mjomba aliyaona.

"Kosa ni la chombo, mwanangu," alisema, "na chombo ni changu."

Aliunoa mdomo wa soketi kwenye jiwe mpaka ukawa bapa, akaizungushia kitambaa kwa nje isikwaruze bati. Chini ya nati tuliweka washa, pete bapa yenye meno, ambayo huung'ata ukuta wa kisanduku ili voliumu isizunguke. Nikakaza upya. Kisha tulikanyaga kwa zamu, mjomba na mimi, mpaka mwadhini akatuita magharibi.

Kiongozi wa bendi alikubali kulijaribu kanyagio tena, na harusini Sefu alipiga. Mimi nilikuwa uani na wanawake, sikumwona. Nililisikia gitaa likianza chini kabisa, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wagonjwa, kisha likapanda taratibu hadi wanawake wakaacha mazungumzo. Mama yake Sefu alikuwa ameketi karibu nami. Alinishika mkono, asiuachie mpaka wimbo ulipokwisha.

Habari hiyo ilifika mashambani. Wakaanza kuja waliokatika kama Sefu: huyu ataka kijiko kitakachofungwa kiganjani, yule gongo lisiloteleza. Daktari mmoja wa hospitali alisikia, akaja kumwomba mjomba aniruhusu nikafanye kazi katika karakana yao ya miguu ya bandia.

"Nenda," mjomba aliniambia. "Redio zitaningoja. Anayetaka kutembea hangoji."

Huko nilifanya kazi chini ya mkuu tuliyemwita Bwana Karakana, aliyependa ukimya, na baada ya uhuru chini ya mrithi wake, Bibi Msimamizi, aliyependa kuimba. Bolti ya goti ni kitu cha haki: ukiikaza mno mtu hakunji mguu, ukiilegeza anaanguka. Asubuhi zote nilianza kwa kufuta soketi zangu, hata nilipokuwa na wa kunifutia.

Nilistaafu macho yalipochoka. Vijana huniuliza kama sikutamani kazi ya maana zaidi. Juzi alipita mama mmoja na kapu la sokoni, akaniamkia. Kabla sijaitikia nilisikia goti lake la bandia likigonga. Nikamkaribisha ndani, nikalipapasa, nikaikaza bolti robo mzunguko. Alisimama, akajaribu hatua mbili tatu, akakumbuka kwamba samaki wataisha, akaondoka mbio bila kuaga. Nilibaki mlangoni nikisikiliza hatua zake mpaka nikashindwa kujua upi ni mguu wa bandia.