Chai Yangu ya Pembeni

Watu wa kwetu hawaendi matangani mikono mitupu. Mama alipofariki, nyumba yetu ya Mraru ilijaa sukari: mezani, chini ya meza, juu ya kabati la vyombo. Niliipanga na kumshukuru kila aliyeleta. Sikulia.

Kazi yangu pia ni sukari, kwa namna yake. Nachunguza kimeng'enya cha bakteria, kitu kisichoonekana kwa macho, chenye pande mbili kama taya. Sukari ikiingia katikati, taya zinafumba, na kimeng'enya kinaibandika kipande cha fosfeti. Sukari iliyobandikwa haipenyi tena ukuta wa bakteria ikatoka. Ili tulione umbo la kimeng'enya, tunakikuza kiwe fuwele, chembe ngumu kama ya chumvi, tunaigandisha kwa baridi kali, kisha tunaipiga eksirei.

Nilimweleza Mama haya siku moja akichagua maharagwe.

"Kwa hivyo nilikusomesha uende ukatazame sukari ikitafunwa?"

"Haitafunwi, Mama. Inafungiwa ndani."

"Hata mimi huifungia kabatini, na hakuna aliyenipa digrii."

Asubuhi ya mazishi mwenzangu wa maabara aliniandikia. Alikuwa ametia sukari kwenye fuwele zetu zilizokwisha kukua, na zote zimepasuka. Haikunishangaza. Fuwele husimama kwa sababu kila kimeng'enya kimetulia mahali pake. Sukari ikichelewa kufika, taya zinafumba kwa pamoja na mpangilio wote unavunjika. Ilikuwa kazi ya miezi. Nilimjibu, "Sawa," nikaendelea kupanga viti.

Mama mdogo, aliyemfuata Mama kuzaliwa, alikuwa akinitazama tangu niliposhuka kwenye treni pale Voi.

"Mwanangu, lia hata kidogo. Watu wanaona."

"Nikipata la kulia nitalia," nilimwambia, kwa ukali ambao hakustahili. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na ndani yangu palikuwa kimya kabisa. Nilianza kudhani kwamba labda sikuwahi kumpenda.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Tuliporudi uani, chai ilikuwa tayari, sufuria moja kubwa, sukari humo humo, kama inavyopikwa kwetu. Mimi niliacha sukari nilipokuwa nikisoma ng'ambo. Mama alinicheka, akaniita mzungu wake, lakini kila nilipokuja aliichota chai yangu pembeni, kwenye kikombe cha bati cha buluu, kabla hajatia sukari. Hata nyumba ijae wageni namna gani, hakusahau.

Mama mdogo akanipa kikombe. Nilikunywa bila kuwaza. Ilikuwa tamu.

"Mama mdogo, yangu iko wapi?"

"Si hiyo uliyoshika?"

Nikatazama jikoni, kwenye mlango ambao angetokea. Nililia mpaka wakanitoa kikombe mkononi.