Kubali Yaishe

Mtaa mzima wa Huruma unajua sheria moja tu: kubali yaishe. Ukizolewa kwenye msako wa polisi, kubali ulikuwa unazurura, ufagie uwanja wa korti, jioni uko kwako. Ukikataa, unaozea rumande. Ndiyo maana Nafula, muuza mboga, alipomwona mumewe Luseno kwenye dirisha la seli ya korti, alimnong'oneza, "Baba Winny, wewe kubali yaishe."

Luseno, mbeba nyama wa Soko la Burma, alikuwa amekamatwa alfajiri akipitia Majengo kwenda kazini. Kosa hakuambiwa. Karani alisoma mashtaka kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha mbiombio, utadhani anafukuzwa. "Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

Nafula akashukuru Mungu. Maskini! Hata aliposikia "miaka minne" hakuelewa, mpaka askari akamwambia mumewe amekiri kuvunja duka na kuiba.

Mnyonge hana haki, walisema wa kale. Katiba nayo inasema anayo: aelezwe kosa lake akalielewa, tena apewe wakili asije akadhulumiwa. Maneno matamu hayo! Kilonzo, wakili wa kujitolea, aliyapeleka kwenye rufaa. Lakini faili ilisema Luseno alielezwa, akaelewa, akakiri.

"Si kweli! Nilikuwepo, naapa," Nafula alilia.

"Mama, neno lako haliwezi kushinda faili," Kilonzo alimjibu.

Rufaa ikatupwa. Nafula alijichukia, maana ushauri ule ulitoka kinywani mwake.

Alipokwenda kumwona jela, Luseno alisema, "Mwenye majuto huenda akapunguziwa kifungo. Afisa wa probesheni atakuja nyumbani kuandika ripoti ya korti. Akikuuliza, sema nilivunja."

"Lakini hukuvunja!"

"Nafula, nataka kurudi nyumbani."

Afisa akaja, mtu mpole, akakaribishwa chai. Winny, mtoto wao, alikuwa pale pale na kitabu chake. Chumba ni kimoja, angempeleka wapi? Miezi yote hiyo Nafula alikuwa akimwapia mtoto kwamba babake si mwizi, wacha watu waseme.

"Mumeo alitenda kosa hili?" afisa aliuliza.

Nafula alijibu, "Alitenda. Alivunja duka."

Winny alimtazama mamake, akafunga kitabu, akatoka nje. Tangu siku hiyo hajauliza tena babake atarudi lini.