Karani Aliyechoka Kufunguliwa kwa Kifo Chake

Siku ile sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai ya rangi, na ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachofikiria. Mimi ni mtu wa kuandika kila jambo. Hata nikibadilisha balbu naandika tarehe. Hili nalo nililiandika jioni ile ile, na kila nikilirudia linasomeka vile vile.

Nina chumba cha kazi karibu na stesheni ya Tabora. Napiga picha za pasipoti, nachapa barua, naskani vyeti. Bi Zuhura, mama mtu mzima wa hapa mjini, aliniletea daftari la baba wa babu yake, aliyekuwa karani wa misafara iliyopita Kwihara kwenda Ujiji. Limeandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Bi Zuhura anazisoma tangu madrasa, mimi sizijui. Shida yake ni macho, na shida ya daftari ni kwamba ukiligusa linamomonyoka. Kwa hiyo niliskani kurasa zote, moja moja, ili azisome kwenye skrini zikiwa kubwa.

Alikuwa anatafuta kaburi. Mke wa karani alizikwa shambani huko Kwihara, nje ya mji, na maelekezo yamo ndani ya daftari. Shamba hilo sasa ni la Bwana Masanja, naye alipanga kuchimba msingi wa nyumba ya mwanawe Jumamosi. Alimwambia Bi Zuhura, "Nionyeshe kaburi nami nitasogea. Usiponionyesha, nachimba." Huwezi kumlaumu.

Laptop yangu ni ya mtumba, na programu kubwa za picha zinaichosha. Nilijifundisha kutumia programu moja ndogo mno, haina madoido yoyote, inaongozwa kwa kibodi tu: N kwenda mbele, P kurudi nyuma, alama ya kujumlisha kukuza, R kugeuza ukurasa uliolala. Picha inatokea kabla hujainua kidole. Niamini, ukishaizoea, kipanya utawapa watoto wachezee.

Bi Zuhura alisoma, mimi nikabonyeza. Na kila siku alilalamika. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na mistari mitatu tu, ya mwandiko mwingine: mwenye daftari hili amefariki Ujiji, Mungu amrehemu.

"Mtu gani anaanza kitabu kwa kufa?" alisema. "Baba wa babu yangu alikuwa na kichwa kama tenga, mwanangu. Kila kitu kinavuja."

Nami, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono. Nilisema watu wa zamani hawakuwa na mpangilio.

Siku ya tatu tukayapata maelekezo. Ukurasa mmoja uliishia mlangoni pa tembe, nyumba ya udongo ya mnyapara, mkuu wa wapagazi. Uliofuata ukaanza, "Kutoka hapo hatua sitini kuelekea kibla, ndipo nilipomlaza." Masalia ya tembe hilo kila mtu Kwihara anayajua. Jumatano tukaenda, nikahesabu hatua sitini kwa makini, tukafika katikati ya banda la kuku la Masanja.

Masanja akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe bibi yenu yuko chini ya kuku wangu," alisema. "Mbona hawajawahi kuniambia?"

Bi Zuhura hakucheka. Tulipofika mjini aliniuliza kama mashine yangu inaweza kukosea. Nikamwambia haikosei. Sikudanganya, kama utakavyoona.

Alhamisi mchana alitoka kwenda kuswali adhuhuri. Nilibaki nikibonyeza N, N, N, nikitafuta kosa. Nilipoinua macho, kwenye kiti chake amekaa mzee. Pazia la mlango halikuwa limetikisika. Kanzu yake ilikuwa na rangi ya vumbi, na mkononi alishika fimbo. Nikamdhania mteja wa picha ya pasipoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe unayenifungua?"

"Nafungua nini, mzee?"

"Mimi. Kila asubuhi unanifungua kwa kifo changu. Kisha unanirudisha kinyumenyume mpaka niwe kijana sina hata punda. Wewe ungefanyiwa hivyo ungefurahi?"

Ungefanya nini hapo? Mimi nilitazama miguu yake, kama tulivyofundishwa utotoni. Hakukuwa na kwato. Ilikuwa miguu ya kawaida ya mtu aliyetembea sana. Ila sakafu nilikuwa nimetoka kuipiga deki, ilikuwa bado mbichi, na juu yake hakukuwa na alama hata moja.

"Ulianza kunipiga picha upande gani?" akauliza.

"Kushoto, mzee. Kama kitabu chochote."

"Kitabu chochote cha nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Daftari la herufi za Kiarabu linaanzia kulia. Mimi nilianza na mwisho wake, na programu, ambayo haijifanyi kujua zaidi ya mwenyewe, ikapanga kama nilivyoipa. Bi Zuhura angelishika daftari mkononi angegundua mara moja, lakini kwenye skrini kila ukurasa unatokea peke yake, hauna jalada wala upande.

Nikafunga programu, nikaifungua tena kwa neno moja la kuiamuru igeuze mpangilio. Ukatokea ukurasa wenye bismillahi, ambayo hata mimi naitambua kwa sura. Mzee akavuta kiti. Akanyoosha kidole, na kitufe cha N kikashuka kabla kidole hakijafika. Akaenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka pale alipochora punda pembeni. Akauliza namna ya kukuza. Nikamwonyesha.

"Huyu alininyima usingizi mpaka Ujiji," alisema. Akakuza tena. "Lakini mwandiko nilikuwa nao, au siyo?"

"Ulikuwa nao, mzee."

"Basi mwambie Zuhura mimi si tenga."

Nje Bi Zuhura akakohoa, na kiti kikawa kitupu. Alipokaa aliinuka papo hapo. "Nani kaweka barafu hapa?"

Nikampa ujumbe wake, neno kwa neno. Akanitazama, akakitazama kile kiti, maana neno lile la tenga alilisema mbele yangu na daftari tu. Kisha akaisogelea skrini. "Nisamehe, babu," alisema. "Ni huyu fundi."

Tukasoma upya. Ukurasa unaoutangulia ule wa hatua sitini uliishia kwenye kisima cha mawe. Ijumaa baada ya sala tukaanzia kisimani. Kwenye hatua ya sitini, chini ya majani makavu, mawe mawili yalikuwa yamesimama, moja kichwani, moja miguuni. Bi Zuhura akaketi chini kando yake. Masanja akavua kofia, akaenda kuzisogeza kamba za msingi wake mwenyewe.

Tangu siku ile, kila saa saba mchana kitufe cha N kinashuka chenyewe. Hata nikiwa na cheti cha ndoa cha mtu kwenye skrini, punda anatokea, pua imejaa kioo kizima. Wateja wamezoea. Nilinunua kibodi nyingine, mzee naye akaizoea. Jioni nikitaka kuzima naangalia ameishia wapi, na ni pale pale siku zote: ukurasa mmoja kabla ya ile mistari mitatu.

Kwa hiyo wewe unayeskani vitabu vya watu, uliza kwanza kinaanzia upande gani. Na ukikuta msomaji wako amesimama ukurasa mmoja kabla ya mwisho, zima mashine uende nyumbani. Usimbonyezee.